Jina la Mtoto wa Ruweyda

Kwa heshima na taadhima, inatangazwa kwa wakazi wote wa Iftin, mjini Garissa, na kwa kila mwenye masikio popote alipo, kwamba kisa kifuatacho ni cha kweli tupu, kinasimuliwa na mtu mwadilifu asiyejua kusema uongo, na kwamba ndani yake hakuna aliyedanganywa.

Basi siku ya kumi na mbili tangu Ruweyda ampoteze mtoto wake, mdogo wake Kaaha alijifungia chooni na simu, akajifunika shuka kichwani ili sauti isisikike nje, akamdanganya.

Kaaha alikuwa na miaka kumi na sita. Alisoma kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana ambayo haitatajwa hapa, kwa kuwa shule yenyewe ingeomba isitajwe. Mungu alimpa kipaji kimoja: kuiga sauti za watu. Muhula wa pili alisimama nyuma ya dirisha la bweni, kengele ya asubuhi haijalia, akatangaza kwa sauti ya matroni kwamba maji yamekatika na hakuna ruhusa ya kuamka mpaka saa mbili. Wasichana mia moja na arobaini wakalala usingizi wa halali. Matroni mwenyewe, aliyekuwa akipita na kikombe chake cha chai, alisikia sauti yake ikitoka dirishani, akasimama kidogo akijiuliza alikuwa amesema hayo saa ngapi. Adhabu ilikuwa kusugua matangi wiki mbili. Kaaha aliyasugua akiimba kwa sauti ya naibu mwalimu mkuu.

Nyumbani hakuna aliyependa vituko hivyo kama dada yake Ruweyda, aliyemzidi miaka minane na aliyeolewa mwaka uliopita. Ruweyda alikuwa akicheka mpaka anajilaza kwenye mkeka na kuomba msamaha kwa mbavu zake. Kicheko hicho ndicho Kaaha alichokifuata aliporudi kwa likizo ya Agosti. Alikuwa amemwekea sauti tatu mpya. Hakupata nafasi ya kutoa hata moja.

Mimba ya Ruweyda ilikuwa ya miezi sita na nusu. Jumapili mtoto aliacha kucheza tumboni. Jumatatu daktari alisogeza kifaa chake juu ya tumbo, kushoto, kulia, kushoto tena, kisha akakizima. Walimpa dawa ya uchungu, akajifungua, damu ikakataa kukatika, wakamlaza kwa dawa ya usingizi. Alipozinduka, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Muuguzi alikuwa amemfunga mtoto katika kitambaa, akamkabidhi Hooyo Batula, mama yao Ruweyda na Kaaha. Hooyo hakuthubutu kufunua. Alimkabidhi Abdiwahab, mume wa Ruweyda, na Abdiwahab akampeleka kwa Mzee Dubow, mchimba makaburi. Wanaume hao wawili wakamwosha, wakamvisha sanda, wakamzika Jumanne kabla ya adhana ya Adhuhuri.

Kaaha alikuwa langoni mwa hospitali Abdiwahab alipotoka. Abdiwahab ni pande la mtu. Ameonekana akimgeuza fahali kwa kumshika pembe. Siku hiyo alibeba kitu kisichozidi urefu wa mkono wake kuanzia kiwiko, amekishika mbele kwa mikono miwili, anatembea kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa mpaka ukingoni. Langoni palikuwa na waendesha bodaboda wapatao kumi, wanagombea abiria kwa kelele zao za kila siku. Wa kwanza alipomwona akazima injini. Wa pili akazima. Zikazimika zote, moja baada ya nyingine, mpaka barabara nzima ikanyamaza, na kijana mmoja akavua kofia yake ya chuma akaikumbatia kifuani. Hakuna aliyewaambia. Kaaha, aliyezoea kunyamazisha watu mia na arobaini kwa hila, alitazama kitu kidogo kile kikinyamazisha barabara bila kusema neno, na nywele zikamsimama.

Kwa kuwa damu ya uzazi ni damu ya uzazi, Ruweyda aliingia arobaini yake nyumbani kwa mama kama mzazi yeyote. Alitandikiwa mkeka wake. Supu ya mbuzi ilikuja asubuhi, ubani ulichomwa jioni. Kila kitu cha mzazi kilikuwepo ila mtoto. Siku ya tatu maziwa yakaja. Hooyo akamfunga kifua kwa kitambaa cha shashi, akikaza fundo huku ametazama ukutani. Majirani nao hawakujua wampe hongera au pole. Waliokuja walikaa karibu na mlango, wakasema, “Mungu atakupa mwingine,” wakatazama simu zao, wakakumbuka kwamba wameacha chungu motoni.

Siku ya nne Abdiwahab akaenda Ijara kuangalia ng'ombe. Kila siku baada ya Alasiri alipiga simu, na Kaaha, ambaye kusikiliza yasiyomhusu kwake ni kama kupumua, aliyasikia mazungumzo yote.

“Hujambo?”

“Sijambo.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Ng'ombe wako salama.”

“Alhamdulillahi.”

“Majani yamepungua. Lakini wako salama.”

“Alhamdulillahi.”

Baada ya hapo hakuna aliyesema wala aliyekata. Ulisikika upepo wa Ijara tu, mpaka mmoja wao achoke.

Siku ya tisa Ruweyda alisema neno lake la kwanza ambalo halikuwa jibu. Aliuliza kwenye simu, “Abdiwahab, ulimwita nani?”

Upepo.

“Alikuwa wa kiume au wa kike?”

Upepo tena. Kisha: “Mtandao mbaya huku.” Simu ikakatika.

Kaaha anaujua uongo kwa mlio wake. Mtandao wa Ijara ulikuwa mzuri kabisa.

Ruweyda aliiweka simu chini, akamgeukia mdogo wake. “Kaaha, abaayo, mdogo wangu, mtoto akizikwa hupewa jina. Au siyo? Hata aliyetoka kabla ya wakati.”

“Ndiyo. Tulifundishwa.”

“Basi analo. Mtoto wangu ana jina na mimi silijui. Nikitaka kumwombea, namwita nani? Namwambia Mungu, yule? Yule mdogo?” Akageukia ukuta. Tangu hapo supu ilikuwa ikirudi jikoni ilivyokuja.

Kaaha akaanza uchunguzi. Kwanza Hooyo.

“Hooyo, mtoto aliitwa nani?”

“Tumwachie Mungu.”

“Mungu anajua tayari. Sisi ndio hatujui.”

“Kaaha! Mdomo huo utakupeleka mahali. Osha vyombo.”

Akaosha vyombo, kisha akaenda makaburini. Alimkuta Mzee Dubow nje ya uzio wa miiba, amekaa juu ya jiwe akitia mpini kwenye jembe.

“Assalamu aleikum, mzee. Nimekuja kuhusu mtoto wa Abdiwahab.”

“Umetumwa na nani?”

“Hakuna.”

“Basi rudi kwa huyo Hakuna, umwambie Dubow anamsalimu.”

“Mzee, dada yangu hali. Anataka kujua jina tu. Na kama ni msichana au mvulana.”

Mzee akagonga mpini mara mbili. “Jina ni la baba. Alilitoa mwenyewe, pale, ameinama, mimi nikiwa nimeshika maji. Nililisikia. Nikilitoa mimi nitakuwa nimemnyang'anya. Mwambie dada yako amuulize mumewe.”

“Mumewe anasema mtandao mbaya.”

“Basi mwambie asubiri mtandao.” Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. “Kitu kimoja naweza kukupa. Alikuwa na kucha. Zote. Hapa, na hapa, na kwenye kidole hiki cha mwisho ambacho hata sikukiona vizuri. Nimelaza watu miaka thelathini, wakubwa kwa wadogo. Siku ile nilimwaga maji, ikabidi nichote mengine. Mtu kamili, binti. Mdogo, lakini hakuna kilichosahaulika.”

Kaaha alirudi nyumbani akitazama kucha zake njia nzima. Mara mbili alikosa kuona mahali pa kukanyaga. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba kuna mahali, gizani, bila taa wala mwalimu, ambapo kucha zinatengenezwa moja moja.

Alimwandikia Abdiwahab ujumbe. Ukasomwa. Haukujibiwa. Siku mbili zikapita. Ruweyda sasa alikuwa akinywa maji tu, na Hooyo alikuwa ameanza kumkunja ngozi ya mkono kwa vidole viwili, kama wanavyofanya kwa ndama asiyenyonya, kuona kama itarudi.

Hapo ndipo Kaaha alipofanya hesabu zake. Jina lipo. Wanaume wawili wanalo. Mmoja hasemi na mwingine hajibu. Dada yake yuko mikononi mwa maji na ukuta. Na yeye ana koo ambalo limewahi kumtia matroni shaka juu ya nafsi yake. Basi mnaona wenyewe ilivyokuwa rahisi. Alikuwa na laini ya simu ya pili, ya kutumia shuleni kinyume cha sheria zote. Akaingia chooni, akajifunika shuka, akaikwaruza sauti mpaka ikazeeka miaka sitini, akarekodi:

“Assalamu aleikum, binti. Ni mimi Dubow wa makaburini. Nimesikia unauliza. Mtoto wako nilimlaza kwa mkono wangu huu, upande wa kuume, uso kibla. Baba yake alimpa jina Ihsan. Yuko kaburi la tatu kutoka uzio wa mashariki, penye kivuli cha mgunga. Usihofu. Alikuwa na kucha zote.”

Ihsan lilikuwa chaguo la kijanja, alijisifu Kaaha. Linamfaa wa kiume na linamfaa wa kike. Kaburi na mgunga aliviongeza kwa raha yake. Kosa la waongo wote ni kutojua mahali pa kuacha.

Akatuma, akakimbia kujificha nyuma ya pazia la mlango.

Ruweyda aliusikiliza ujumbe mara moja, ameketi. Aliusikiliza mara ya pili. Kisha akaiweka simu kifuani, juu ya lile fundo la shashi, akatoa sauti ambayo Kaaha hakuwahi kuisikia kwa mtu wala mnyama. Ilianza chini sana, ikapanda, ikaijaza nyumba mpaka kuku wakatawanyika uani. Hooyo alikuja mbio, mikono imejaa unga wa anjera. Ruweyda alimshika unga na mikono pamoja. “Anaitwa Ihsan, Hooyo! Ihsan! Alikuwa na kucha!” Na Hooyo, mwanamke wa tumwachie Mungu, akaanguka kwenye mkeka akamkumbatia, wakalia wote wawili, weupe kwa unga kama waliotoka kuzaliwa.

Kaaha alisimama nyuma ya pazia. Safari hii hakutoka kupokea makofi.

Jioni hiyo Ruweyda alikula anjera tatu na maziwa ya ngamia. Kesho yake akaoga, akajipaka manukato. Akamwambia mama yake, “Nataka wanawake waje. Nataka tumsomee Ihsan.” Kaaha akajitolea kumimina chai.

Walikuja Alhamisi baada ya Alasiri, wanawake kumi na tisa, na Ayeeyo Weris mbele yao akibeba ngoma yake kwapani. Ayeeyo Weris ni mkunga aliyestaafu ambaye kila mtu mtaani humwita bibi, na nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiwa kichwa chini. Kwa kawaida wanawake hukusanyika hivyo kumwimbia mjamzito, kumpaka mafuta kichwani na kuwasifu Mama Hawa na Bibi Fatuma ili uzazi uwe mwepesi. Kumfanyia aliyekwisha kupoteza, hakuna aliyekuwa amewahi.

Jirani Rukiyo, mke mdogo mwenye simu kubwa, alisitasita mlangoni. “Sheikh wa msikiti wetu hapendi ngoma, ayeeyo.”

“Sheikh wenu amezaa mara ngapi?” akauliza Weris.

“Hajazaa.”

“Basi kaa chini. Akizaa tutamwimbia na yeye.”

Wakacheka, na Ruweyda akacheka pia, kidogo, kama mlango unaojaribiwa baada ya kufungwa muda mrefu. Chetezo kikapita mkono kwa mkono, moshi ukapanda. Weris akampaka Ruweyda mafuta utosini, akaipiga ngoma kwa vidole, wakaanza. Walimwita Mama Hawa kama mtu anayeishi nyumba ya pili. Walimwambia njoo, mama yetu wote, kuna binti yako hapa. Kaaha alikuwa pembeni na birika la chai, na alikuwa amepanga kukariri sauti ya kila mmoja ili akawachekeshe wenzake bwenini. Hakukariri hata moja.

Ngoma iliponyamaza, Weris alimshika Ruweyda kidevu. “Sikiliza, mwanangu. Yule aliyekutoka kabla ya wakati atasimama mlangoni mwa Pepo agome kuingia. Ataambiwa ingia. Atasema siingii bila mama. Atakushika kwa kitovu chake akuvute mpaka ndani.”

“Amin,” wakasema wote.

“Ihsan atanivuta,” akasema Ruweyda.

“Ihsan atakuvuta.”

Halafu Hooyo Batula, akitazama mikono yake, akasema, “Mohamud.”

Hakuna aliyemwelewa. Kaaha ndiye aliyekuwa karibu naye zaidi. “Mohamud nani, Hooyo?”

“Kabla yako. Miezi saba. Baba yako alimzika, hakuniambia, nami sikuuliza. Jina nilimpa mwenyewe moyoni. Sijalisema tangu siku hiyo.” Akalirudia, polepole, kama anayejifunza kusoma. “Mohamud.”

Kaaha alikaa chini na birika lake. Miaka kumi na sita alikuwa ameishi katika nyumba hii akijidai anajua kila siri iliyomo, mpaka namba za siri za simu za watu, na kumbe kabla yake alitangulia kaka.

“Sahara,” akasema mwanamke mwingine karibu na dirisha.

“Mapacha. Hassan na Hussein. Miezi mitano.”

“Wangu hakupewa jina. Nilikuwa nikimwita Kidogo.”

Rukiyo, yule wa simu kubwa, akaweka simu chini ya mkeka. “Deka,” akasema, na sauti ikamvunjika. “Mwaka huu. Mwezi wa Machi. Hata mume wangu hajui nilishampa jina.”

Yakatoka yote. Hawakupokezana kwa zamu. Jina lilidondoka hapa, likajibiwa kule, pakanyamaza, likadondoka jingine. Ayeeyo Weris alikuwa na watano. Wa mwisho alimzaa njiani wakihama na mifugo, upande wa Takaba, akamlaza chini ya mawe, na kulipopambazuka ngamia wakapakiwa safari ikaendelea. “Mpaka leo nikimaliza kuswali,” akasema, “nageuza uso kule kidogo. Nimekuwa nikidhani ni shingo yangu mbovu.”

Kaaha alihesabu majina ishirini na saba. Kadiri yalivyotajwa ndivyo chumba kilivyozidi kujaa, na aliivuta miguu yake chini ya dera, kwa sababu ghafla alihisi atamkanyaga mtu. Ubani ulikuwa umetanda. Wanawake hawa aliwajua tangu utotoni, aliwajua kwa vikohozi vyao na kwa namna wanavyogombana sokoni, alikuwa akiwaigiza mmoja mmoja. Kumbe alikuwa akiigiza maganda. Ndani ya kila mmoja kulikuwa na chumba kidogo, na ndani ya chumba mtu mwenye kucha zote, amekaa kimya, akisubiri kuitwa.

Na katika majina ishirini na saba, moja halikuwa la mtu.

Hilo lilimpiga kifuani kama mlango. Siku ile kubwa, watu wote wamefufuliwa, Ruweyda atasimama katika umati na kuita: Ihsan! Ihsan! Na mtoto, mwenye jina lake halisi alilopewa na baba yake aliyeinama, atasikia sauti ya mama ikimwita mtu mwingine, na hatageuka. Ataendelea kugoma mlangoni. Malaika watauliza kuna tatizo gani. Na mtu mmoja tu katika umati wote wa viumbe atajua tatizo ni nini, naye atakuwa amejifunika shuka kichwani.

“Kaaha, chai,” akasema Hooyo. “Umeganda nini?”

“Nakuja, Hooyo.” Akamimina chai nje ya kikombe.

Ijumaa asubuhi Abdiwahab alirudi kutoka Ijara na kopo la samli. Alikuwa amekonda. Alisimama uani akisafisha viatu ambavyo vilikwisha kuwa safi. Ruweyda alitoka ndani, kwa miguu yake, amejitanda shali ya njano, na Abdiwahab alipomwona amesimama alisahau kiatu mkononi.

“Nipeleke,” akasema Ruweyda. “Sitaingia. Nitasimama nje ya uzio. Nipeleke nimwone Ihsan.”

“Nani?”

“Ihsan.”

“Ihsan ni nani?”

“Mtoto wako, Abdiwahab. Kaburi la tatu kutoka uzio wa mashariki. Nimeshaambiwa. Sikulaumu kwa kutoniambia.”

Kiatu kikaanguka. Abdiwahab alimtazama mkewe, na uso wake mkubwa ukaanza kutikisika kuanzia chini. “Anaitwa Hinda,” akasema. “Ni msichana. Nilimwita Hinda. Alikuwa na nywele, Ruweyda. Nilizilowesha kwa maji nikazilaza upande kwa kidole. Nilitaka kukuambia kila siku. Kila siku nilifungua mdomo wakatoka ng'ombe.”

Ruweyda alishika nguzo ya baraza. “Hinda,” akasema. Midomo yake ililijaribu tena bila sauti. Kisha, polepole, “Basi Ihsan ni nani?”

Akatoa simu, akabonyeza. Sauti ya mzee ikajaza ua. Assalamu aleikum, binti. Ni mimi Dubow wa makaburini. Abdiwahab aliisikiliza mpaka mwisho, akikunja uso.

“Huyu si Dubow.”

“Ni sauti yake.”

“Sauti ni yake. Lakini Mzee Dubow hana simu. Hajawahi kuwa nayo. Ukimtaka unaenda makaburini unamwita kwa jina.”

Katika maandalizi yake yote ya kitaalamu, Kaaha hakuwa amelifikiria hilo.

Hooyo Batula, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, aliweka ungo chini. Aligeuza kichwa tu, taratibu, kuelekea kwa yule mtu mmoja katika nyumba hiyo ambaye amewahi kusugua matangi kwa kosa la kuwa matroni. Abdiwahab akafuata macho yake. Ruweyda akawa wa mwisho kugeuka, na Kaaha aliona dada yake anajaribu kutogeuka.

Kaaha alifungua mdomo. Alitafuta sauti ya kujibia. Matroni hakuwepo. Naibu mwalimu mkuu hakuwepo, wala mzee yeyote. Zote zilikuwa zimemkimbia, ikabaki moja nyembamba ambayo hakuizoea, ambayo hajawahi kumchekesha mtu nayo.

Ilikuwa yangu. Haya, nimekamatwa. Kaaha ni mimi. Nimemweka mbele yenu kwa jina tangu mwanzo kwa sababu yule msichana ni rahisi kumcheka, na kujisema mwenyewe si rahisi.

“Abaayo, ni mimi,” nikasema. “Ihsan hayupo. Nimemtunga chooni. Kaburi nimelitunga, mgunga nimeutunga. Kucha tu ndizo za kweli, hizo aliniambia Mzee Dubow mwenyewe.”

Ruweyda aliitazama simu mkononi mwake.

“Nilitaka ule. Hiyo ni kweli, wallahi. Lakini si hiyo peke yake.” Nilijua ningeweza kuishia hapo, Hooyo alikuwa ameshaanza kulainika usoni. “Nilitaka pia kuona kama nitaweza. Nilirekodi mara nne, abaayo. Mara tatu za kwanza hazikufaa kwa sababu nilikuwa nacheka.”